Shuka Zilizoteketezwa

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Mama Shuka alikuwa amesimama mbele ya tanuri la hospitali, kalamu mkononi, akisubiri kushuhudia shuka sita zikichomwa moto. Shuka zenyewe zilikuwa chini, zimekunjwa vizuri, kwa sababu yeye hakujua kuweka shuka chini bila kuikunja, hata kama inakwenda motoni.

"Washa," alisema Bwana Mihuri, mtunza stoo.

"Niwashe nini?" aliuliza mchoma taka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu ameinyoosha. "Dizeli imekwisha tangu Jumatano. Nilileta taarifa."

"Uliileta wapi?"

"Kwako, mkuu. Ukaigonga muhuri."

Mama Shuka aliangalia pembeni ili asicheke. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika chumba cha ushonaji cha hospitali hiyo, akiziba matundu ya shuka, kanzu za wagonjwa na mapazia, na katika miaka hiyo amewaona watunza stoo wengi wakija na kuondoka. Lakini huyu alikuwa wa aina yake. Alifika miezi minane iliyopita na sanduku la mihuri, akakuta shuka zinapotea, akaamua dawa ya wizi ni wino. Kila shuka iliyokuwa na muhuri mmoja kwenye pembe aliipiga mihuri ukingo mzima, kuzunguka pande zote nne: MALI YA HOSPITALI. ISITOLEWE. Shuka ziliendelea kupotea vilevile, tofauti ni kwamba sasa zilipotea zikiwa zimeandikwa.

Na shuka mpya hazikuja. Zilikuwa zinakuja tangu mwaka jana. Katika wodi ya wanaume karibu nusu ya vitanda vilikuwa magodoro matupu, ya plastiki ya kijani, yanayonata mgongoni mchana na kuuma baridi alfajiri. Mwenye ndugu aliletewa shuka ya nyumbani. Asiye na ndugu alilala hivyohivyo.

Sasa, sheria ya hospitali ni kwamba shuka iliyochoka haijifii tu. Kamati inakaa, inaihukumu, fomu inajazwa, kisha inachomwa mbele ya mashahidi wawili. Watunza stoo wa zamani walikuwa na njia yao ya utu: wakishamaliza karatasi zao walimwita Mama Shuka pembeni, wakampa hizo shuka, naye akazigeuza maua ya Pasaka. Hakuna aliyeuliza. Wiki mbili zilizopita alikwenda kwa Bwana Mihuri kuomba kama kawaida. Alijibiwa bila hata kutazamwa usoni.

"Mama, mali ya serikali hata ikifa ni maiti ya serikali."

Lakini sasa maiti zilikuwa sita, na moto hakuna. Bwana Mihuri alitazama saa yake, akatazama tanuri, akatazama fomu. Jumanne wakaguzi walikuwa wanakuja. Kwenye daftari shuka hizo zilikwisha kutoka stoo. Akizirudisha zitakuwa ziada, na mkaguzi akikuta upungufu hukemea, akikuta ziada hukaa wiki nzima.

"Bwana stoo," alisema Mama Shuka, "mimi nikisaini kwamba zimeteketea, zinakuwa nini?"

"Zinakuwa majivu."

"Na majivu yana fomu?"

Bwana Mihuri alifikiri kweli. Alikuwa mtu wa haki kwa upande wa karatasi. "Majivu hayana fomu," alikiri.

"Basi mimi nasaini. Halafu nabeba majivu."

Mchoma taka alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Bwana Mihuri alizunguka tanuri mara moja, kama mtu anayetafuta moto uliojificha nyuma yake, kisha akarudi na sauti ya chini.

"Sitaki kuona shuka."

"Hutaona shuka. Utaona maua."

"Na mihuri yangu?"

"Nimeficha matundu ya hospitali hii miaka kumi na tisa. Nitashindwa kuficha wino?"

"Ukionekana hata muhuri mmoja, mimi sikujui. Mimi niliona moto. Wewe umeiba, na wizi unaingia kwenye faili. Unajua faili lenye wizi linakwenda wapi."

Alijua. Mpishi mmoja aliondolewa kazini kwa kilo mbili za sukari, baada ya miaka kumi na minne, na hakupewa hata barua ya kumsindikiza. Mama Shuka alisaini. Kwenye karatasi, saa mbili na dakika ishirini, shuka sita ziliteketea kabisa. Kisha akaziweka kichwani na kwenda nyumbani.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na kipande cha ua, na ndani ya ua huo kazi ilikwisha kuanza bila kumsubiri. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyeitwa Redio kwa sababu alianza kusema alfajiri na hakuwa na mahali pa kuzimwa, alikuwa anakoroga wanga kwenye sufuria. Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa amekaa juu ya gogo akikata waya za breki zilizokwisha kazi, kila kipande urefu wa kiganja na nusu. Hayo ndiyo yangekuwa mashina ya maua.

"Amekupa?" aliuliza Redio.

"Hajanipa. Zimeungua."

"Zimeungua nini wakati ninaziona?"

Akawasimulia. Redio alicheka mpaka mwiko ukamponyoka ukazama kwenye wanga. "Basi leo zimekufa kwa fomu," alisema akifuta machozi usoni kwa mgongo wa mkono, "na kesho asubuhi zinafufuka. Huyo mtunza stoo amehubiri kuliko mchungaji."

Hata fundi baiskeli, mtu ambaye kicheko chake kilikuwa ni kuvuta pumzi puani, alivuta mara tatu.

Kwa nini shuka kuukuu, na siyo kitambaa kipya cha dukani? Mbali na kwamba bei ya kitambaa cheupe ilikuwa imepanda hadi mtu akitajiwa anauliza kama ni ya mita au ya gunia, kitambaa kipya ni kibishi. Ukikikunja kinakunjuka, ukikipinda kinarudi. Shuka iliyochemshwa mara mia tatu haina ubishi tena. Inachovywa katika wanga, inakamuliwa, inalainishwa kwa mgongo wa kijiko, inazungushwa kwenye shingo ya chupa na kufungwa uzi. Ikikauka inabaki na umbo ulilolipa: yungiyungi jeupe, lenye umbo la faneli ya kumiminia mafuta, mdomo umegeuka kidogo kwa nje. Ndani unapandikiza uzi wa njano wa sweta lililofumuliwa. Akiliona kwa mbali mtu anaweza kuja ainame anuse.

Yalihitajika tisini. Tangu Ijumaa Kuu, ndani ya kanisa dogo la hospitali, palisimama msalaba wa mbao mbili, mtupu. Asubuhi ya Pasaka kila mgonjwa anayeweza kutoka kitandani huchukua ua moja na kulifunga kwenye msalaba kwa mkono wake, mpaka mbao hazionekani. Wasioweza kutoka hupelekewa la kwao. Mama Shuka alianza kuyatengeneza mwaka wake wa kwanza kazini, mama yake alipolazwa wodi ya wanawake. Bibi yule alikataa kulifunga la kwake. Alilishika siku nzima, akawa anawaonyesha wauguzi, "Mwanangu ndiye aliyelishona." Hilo lilimtosha Mama Shuka kwa miaka yote iliyofuata, na alipenda kazi hii kuliko kitu chochote alichowahi kulipwa.

Alitandaza shuka ya kwanza mezani na kuinua mkasi, na hapo ndipo alipoliona tatizo. Katikati, mahali watu walipolala, shuka ilikuwa imeliwa mpaka inaonyesha meza. Nguvu ilibaki ukingoni. Na ukingoni, mstari mmoja kama pindo, ilikaa mihuri ya Bwana Mihuri.

"Tukate tukiikwepa," alisema Redio.

"Tukiikwepa tunapata maua kumi na moja."

"Basi?"

"Basi tunaiweka ndani."

Alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema jina lake. Doa linakaa ndani, mshono unakaa ndani, kiraka kinakaa ndani, ndiyo kazi yenyewe. Akakata. Wifi yake akachovya na kukamua, yeye akalainisha, akazungusha upande wenye wino kwa ndani, akafunga uzi. Fundi baiskeli akayatundika kwenye kamba, moja baada ya jingine, yamefungwa mdomo kama miavuli midogo.

Ikawa siku nzuri. Jirani alipita kuazima ndoo akaishia kukaa na kufumua sweta. Redio alisimulia harusi ambayo bwana harusi alivaa viatu vya kuazima, na mwenye viatu akavidai kabla ya keki. Vidole vya Mama Shuka viligeuka vyeupe na kukakamaa kwa wanga, akawa anashika kikombe cha chai kwa viganja viwili. Aliimba pia, vibaya, na hakuna aliyemzuia. Saa saba mchana kamba tatu zilikuwa zimejaa.

Saa kumi jioni jua lilikuwa limefanya kazi yake. Redio alichukua ua la kwanza, akakata uzi, akalifungua mdomo taratibu kwa kidole gumba. Kisha akanyamaza. Kwa Redio kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha, na wote wawili walimgeukia.

"Wifi," alisema. "Hili limeandikwa."

Alilielekeza kwao. Ndani ya faneli nyeupe, pale hasa jicho linapotua mtu anapolitazama ua, palisomeka kwa wino wa zambarau: MALI YA HOSPI.

Mama Shuka alilitazama. Akafungua la pili: ISITOLEWE. La tatu: TALI. ISIT. Aliyafungua kumi, na kila moja lilikuwa linasema. Miaka kumi na tisa mkono wake ulikuwa umejifunza kwamba upande wa ndani ndio usioonekana. Wa shuka, wa suruali, wa pazia, ndiyo. Lakini ua upande wake wa ndani ndio uso wake, na hilo mtoto wa miaka mitatu analijua.

"Nimelifanya mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu huu."

Walijaribu ndimu na chumvi. Wanga uliyeyuka, ua likalala kama leso, wino ukabaki unang'aa kuliko mwanzo. Wakajaribu kuongeza uzi wa njano ufunike maandishi, lakini sweta lilikuwa moja nalo lilikuwa la mtoto. Liliyaziba maua ishirini na mawili, likaisha. Sitini na nane yalibaki yakisomeka.

Mama Shuka alikaa chini mlangoni. Aliogopa, na aliogopa waziwazi. Aliona faili lake, la kahawia, lenye pembe zilizoliwa, na neno moja jipya juu yake. Aliiona kodi ya vyumba viwili na waya za breki ambazo haziwezi kuilipa. Kisha akaziona kanisani mbao mbili tupu, na wagonjwa wamekuja na kanzu zao za kufungwa nyuma, wamenyoosha mikono, hakuna kitu cha kuwapa.

"Tunaweza kupeleka yale ishirini na mawili," alisema mumewe.

"Na atakayekosa nimwambie nini? Kwamba yeye si wa kufufukiwa?"

Fundi baiskeli alivuta pumzi puani, safari hii si kicheko. "Basi maji umeshayavulia nguo," alisema. "Huna budi kuyaoga."

Akaenda kutafuta boksi la kubebea maua.

Mpango wa Mama Shuka ulikuwa mzuri. Maua yenye uzi mwingi yangefungwa mbele ya msalaba, yanayosomeka yangekwenda nyuma, ukutani, ambako hakuna mtu anayepita. Asubuhi ya Pasaka, saa moja, aliyapanga kwenye meza mbili kanisani na kusimama kati yake.

Mpango ulikufa dakika ya tatu. Wagonjwa waliingia, wengine kwa magongo, wengine wakisukumwa, mama mmoja wa wodi ya uzazi na kichanga cha siku mbili, na kila mtu akachukua ua alilolipenda. Na walichokipenda ni maandishi. Watoto wenye bandeji walibadilishana, huyu ana MALI, yule ana HOSPITALI, wakajaribu kuyaunganisha yasomeke. Kijana aliyevunjika mkono aliomba alilochagua lifungwe mbele kabisa kwa sababu lake lilikuwa na nukta. Watu walicheka kanisani, kicheko cha watu ambao hawakuwa wamecheka kwa siku nyingi na mishono ikawauma. Mchungaji alikuja kutazama, akasoma, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kuanzisha wimbo.

Msalaba ulijaa. Ulikuwa mweupe, mnene, unasomeka kila upande, na Mama Shuka, pamoja na hofu yake yote, aliona kwamba katika miaka kumi na tisa hajawahi kutengeneza mzuri hivyo.

Bwana Mihuri aliingia na tai, pamoja na metroni, muuguzi mkuu wa hospitali. Walikaa benchi la mbele. Ibada ilipokwisha, metroni alisogea msalabani kama kila mtu, akavaa miwani.

"Bwana stoo," alisema, "hizi si shuka zetu?"

Kanisa lilitulia kwa namna watu wanavyotulia wanaposikia sauti ya ofisini.

"Shuka zilizohukumiwa ziliteketezwa jana," alisema Bwana Mihuri. "Fomu ipo. Imesainiwa."

"Nakuuliza hizi."

Bwana Mihuri alimtazama Mama Shuka. Kwa muda mfupi alionekana kama mtu anayetafuta dizeli. Kisha akajikaza. "Kama ni hizo, basi zimeibwa. Zitakusanywa zote ziwe kidhibiti. Sasa hivi, kabla hazijatoka nje."

Mama Shuka alipiga hatua mbele. Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha na yote yalimkimbia. Lakini Bwana Mihuri alikwisha kuanza kazi. Alinyoosha mkono kwa mgonjwa wa karibu, mzee wa kitanda cha kumi na saba, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu na ua lake mapajani. Hakuwa amelifunga bado. Alikuwa akisubiri foleni ipungue.

"Naomba hilo, mzee."

Mzee alilifunika kwa kiganja.

"Mwanangu," alisema bila haraka, "mimi nimelala hapa siku kumi na moja juu ya godoro tupu. Kila asubuhi naambiwa shuka zinakuja. Leo ndiyo yangu imefika. Ni ndogo, sikatai, inanitosha kidole gumba. Lakini muhuri ni wenu. Ukiitaka hii, nenda kaniletee nyingine."

Kisha mama wa kichanga akasema kwa sauti ya kawaida, "Na mimi vilevile. Huyu amepokelewa kwenye khanga yangu." Kijana wa mkono akasema kitanda cha tisa pia hakina. Cha kumi na mbili. Cha ishirini. Namba zilitoka kila benchi, moja moja, kama watu wanaoitikia majina yao, na kicheko kikapanda katikati ya namba hizo, cha furaha na cha hasira kwa pamoja. Mkono wa Bwana Mihuri ulibaki hewani bila mahali pa kushuka.

Metroni alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kaa, bwana stoo," alisema. Akakaa.

"Mama Shuka, Jumanne wakaguzi watakuwepo. Utaandika maelezo."

"Nitaandika."

"Ujue mimi siwezi kukuahidi chochote."

"Najua, metroni. Niandike kuanzia wapi? Kwenye maua au kwenye magodoro?"

Metroni alimtazama, kisha akamtazama mzee wa kumi na saba, na kitu fulani usoni mwake kikalegea. "Karatasi zikikuishia," alisema, "njoo ofisini uchukue nyingine."

Mama Shuka alirudi mezani. Lilikuwa limebaki ua moja, lile la kwanza alilolifungua Redio. Aliligeuza mdomo utazame watu, akapanda kwenye kigoda, akalifunga katikati ya msalaba, mahali ambapo mbao mbili zinakutana na kila anayeingia atalisoma.